Chama Ndani ya Jumuiya: Je, Ni Kiungo au Ni Ukuta?

Mwezi huu twataka kulifikiri pamoja nanyi jambo ambalo wazazi wengi huliuliza, nao wanafunzi huliuliza kwa namna yao. Mtoto akienda seminari, au kijana akienda chuo cha theologia, haendi kukaa na vitabu peke yake. Huenda kukaa na watu. Wala siku hazipiti nyingi ila ataitwa katika chama hiki au kile. Kuna kwaya, kuna kikundi cha maombi, kuna serikali ya wanafunzi, kuna chama cha michezo, kuna umoja wa wanafunzi Wakristo, tena kuna kikundi cha watu waliotoka upande mmoja wa nchi. Basi swali ni hili: katika nyumba ambayo wote waliomo wamekwisha kuitwa ndugu, je, yafaa kuwe tena na udugu mwingine mdogo ndani yake? Chama ndani ya jumuiya ni kiungo cha mwili, au ni ukuta unaoukata mwili vipande?

Swali hili si geni kwetu tukaao Chanika. Nchi hii ni ya Wazaramo tangu zamani, lakini leo watu wa makabila mengi wamehamia huku, wengine kutoka Kariakoo, Kinondoni na Temeke, wengine kutoka mikoa ya mbali, nao wamejenga nyumba zao bega kwa bega. Jirani yetu ni Kisarawe, ambako wamisionari wa Kilutheri waliweka kituo mwaka 1892, miaka mitano tu baada ya Greiner kufika Dar es Salaam mwaka 1887. Huko Kisarawe leo Kanisa letu lina seminari ya sekondari. Kwa hiyo twawaona vijana wakienda na kurudi na masanduku yao, na kila likizo twaona wamebadilika. Mmoja hurudi amekuwa mtu wa watu wote. Mwingine hurudi amekuwa mtu wa watu wake tu. Yatupasa kuuliza tofauti hiyo imetoka wapi.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Neno seminari limetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kitalu, yaani mahali pa kuoteshea mbegu. Mkulima haotesehi miche kitaluni ili ikae humo siku zote. Huiweka karibu karibu kwa muda, ipate kivuli kimoja na maji mamoja, kisha huing'oa na kuipanda shambani, huu huku na huu kule. Maana yake nini? Yale ambayo mwanafunzi huyazoea katika miaka yake ya seminari hayabaki seminari. Aliyezoea huko kuwa na watu wake na kuwasahau wengine, atakapokuwa mchungaji au mwalimu au karani wa serikali, atakuwa na watu wake vilevile, nao wengine watalia mlangoni. Ndiyo sababu jambo la vyama vya wanafunzi si la wanafunzi peke yao. Ni la kila usharika utakaompokea mmoja wao baadaye.

Tena tusidhani ya kuwa Wazungu ndio waliotufundisha kuwalea vijana pamoja. Wazee wetu wa pwani walijua ya kuwa wavulana waliotiwa jando pamoja na kulala kumbini pamoja hufungwa na kifungo kisichokatika upesi. Hata uzeeni mmoja humwita mwenzake kwa jina la utani wa siku zile. Huko Moshi ya Kale mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, aliiona desturi ya Wachaga ya vijana wa rika moja kushikamana kama askari wenye ngao, naye akaitumia katika mafundisho ya kipaimara. Vijana waliwekwa katika vikundi vidogo, kila mmoja akiwa na wenzake wa kumwangalia, na mmoja alipoanguka wenzake walikuwa na wajibu wa kumwinua. Wako waliomlaumu Gutmann ya kuwa aliyafungamanisha mno mambo ya Kanisa na mambo ya ukoo na kabila, na lawama hiyo haikosi sababu. Lakini neno moja aliliona sawasawa: mtu halelewi na umati. Hulelewa na wachache wanaomjua jina lake.

Basi faida za chama ni dhahiri, nasi hatutaki kuzificha. Katika shule ya wanafunzi mia kadhaa, kijana mwenye haya aweza kukaa miaka minne asifungue kinywa. Katika kikundi cha watu kumi hawezi kujificha. Humo hujifunza kusimama na kusema, kuandika yaliyoamuliwa, kutunza fedha za wenzake na kutoa hesabu yake mbele yao. Hujifunza kutawala, na lililo gumu zaidi, hujifunza kutawaliwa na mtu wa umri wake. Wahenga walisema: Jifya moja haliinjiki chungu. Tena chama chaweza kuvuka mipaka ambayo wakubwa hawajathubutu kuivuka. Mwaka 1895 wanafunzi wa nchi mbalimbali walikutana Vadstena katika nchi ya Sweden, wakaunda chama chao cha Kikristo cha ulimwengu. Mmoja wa viongozi wao, John Mott, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa misioni huko Edinburgh mwaka 1910, na mwaka 1948, lilipoundwa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, alipewa heshima ya kuwa rais wake. Katika nchi yetu nasi tuna UKWATA, ambamo wanafunzi Walutheri huomba na kuimba pamoja na Waanglikana, Wamoravian na wengine. Wengi wao walijifunza humo ya kuwa mtu wa kanisa jingine si mgeni, kabla hawajasoma jambo hilo katika kitabu cho chote.

Lakini sasa tuangalie upande wa pili. Tuchukue mfano. Mwanafunzi mmoja ni mwimbaji wa kwaya. Habari zinakuja ya kuwa baba yake amefariki. Jioni ile ile kwaya hukusanya rambirambi, wawili huchaguliwa kumsindikiza mpaka kwao, nao waliobaki humwandikia masomo yatakayompita. Hilo ni jema, na kila mtu husifu. Mwezi unaofuata mwanafunzi mwingine hufiwa na mama yake. Yeye hana sauti ya kuimba, hana miguu ya kucheza mpira, wala hakutoka upande wenye watu wengi pale shuleni. Hakuna aliyemchukia. Kila mtu humpa pole apitapo. Lakini jioni hakuna anayekusanya kitu, kwa maana kila mmoja hudhani ya kuwa wako watu wake watakaofanya. Basi hupanda gari peke yake.

Je, ni nani aliyekosa hapo? Ukiiuliza kwaya, itajibu ya kuwa haikuvunja sheria yo yote. Ukiwauliza wacheza mpira, watajibu hivyo hivyo. Ndipo ubaya wa jambo hili ulipo: twaweza kuwa na nyumba iliyojaa vikundi vyema, kila kimoja kikitimiza wajibu wake, na bado mtu mmoja akaachwa njiani bila mkosaji kuonekana.

Jambo hili ni la kale kama Kanisa lenyewe. Katika Matendo ya Mitume mlango wa 6 twasoma habari za wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani, waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatusomi ya kuwa walichukiwa. Walisahauliwa, labda kwa kuwa waliogawa chakula waliwajua zaidi wajane wa lugha yao. Tazameni mitume walivyofanya. Hawakuwakataza watu kusema Kiyunani, wala hawakusema manung'uniko yale ni kelele za watu wasio na shukrani. Waliwaambia ndugu wachague watu saba, nao wakakabidhiwa meza. Majina ya wale saba ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walipewa watu wa kuwaona. Kadhalika Paulo, alipowakemea Wakorintho katika mlango wa 11 wa waraka wa kwanza, hakuwakemea kwa kula pamoja. Aliwakemea kwa kuwa wengine walishiba kabla wengine hawajafika.

Hata hapa mtu aweza kusema: Basi na vifutwe vyama vyote, ibaki jumuiya moja tu chini ya mkuu wake. Neno hilo laonekana kuwa rahisi, lakini twaliona lina hatari mbili. Kwanza, vijana hawaachi kukutana kwa sababu wamekatazwa. Kilichokuwa mezani mchana kitakwenda bwenini usiku, na chama kisicho na jina ni kibaya kuliko chenye jina, maana hakina mtu wa kuulizwa. Pili, yaweza kutokea ya kuwa kikundi kidogo kimeona ukweli ambao nyumba nzima haitaki kuuona. Nyumba iliyokwisha kukinyamazisha itapata utulivu, lakini utulivu si amani.

Katika jambo hili la pili tunao mfano mkubwa, nao haukutokea mbali. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, ukaingia na kwetu upande wa Bukoba. Katika chuo cha Bishop Tucker huko Mukono, walikofundishwa wachungaji wa Kanisa la Anglikana la Uganda, baadhi ya wanafunzi walikuwa watu wa uamsho. Waliamka alfajiri, kabla hakujapambazuka, wakaomba na kuimba pamoja. Walihubiri habari za toba, nao hawakuogopa kuwaambia wenzao na walimu wao ya kuwa katika chuo kile mna dhambi. Mkuu wa chuo akaweka amri juu ya mikutano ile ya alfajiri na mahubiri yale. Wao wakaona ya kuwa kutii amri hiyo ni kumkana Mungu; yeye akaona ya kuwa kuwaacha ni kuibomoa nyumba aliyokabidhiwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa, na mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye baadaye alijulikana sana kuwa mhubiri wa uamsho.

Ndugu, tusiwe wepesi kuhukumu. Tukisema wanafunzi walikuwa wakaidi tu, twasahau ya kuwa waliyoyasema juu ya dhambi yalihitaji kusemwa, na ya kuwa wengi wa watu wa uamsho hawakulitoka Kanisa. Walikaa ndani yake, wakaliamsha. Miongoni mwa Walutheri wa Bukoba uamsho huo ulimlea Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu, na tangu mwaka 1977 hata 1984 rais wa Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu. Lakini tukisema mkuu wa chuo alikuwa mtesaji tu, twasahau ya kuwa mwenzako aliyelala jirani naye ni ndugu, na ya kuwa wimbo wa alfajiri waweza kuwa sifa kwa Mungu na papo hapo ukawa kama kidole kinachomnyoshea yule asiyeamka. Sisi twaona ya kuwa yalichanganyika mambo mawili ambayo yangepasa kutenganishwa. Saa ya kuomba si amri ya Mungu. Saa yaweza kubadilishwa kwa ajili ya upendo. Kumwambia mtu kweli ni jambo jingine, wala halizuiliki kwa sheria ya kengele. Kama kikundi kingaliachia saa, na kama mkuu angaliisikiliza ile kweli, labda chuo kisingalipoteza wachungaji 26 kwa siku moja. Kila upande ulikishika kwa nguvu kile ambacho ungaliweza kukiacha.

Sasa tuangalie mfano wa pili, wa nchi ya mbali. Mwaka 1935 Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri wa Ujerumani, alikabidhiwa seminari ndogo ya wachungaji wa lile Kanisa lililokataa kutawaliwa na Hitler. Ilianza Zingst kando ya bahari, kisha ikahamia Finkenwalde, na mwaka 1937 polisi wa serikali wakaifunga. Mwaka 1939 Bonhoeffer alitoa kitabu kidogo juu ya maisha ya pamoja waliyoyaishi huko. Ndani ya seminari ile palikuwa na kikundi kingine kidogo, ndugu wachache waliobaki kukaa pamoja baada ya masomo yao, wakiwa na utaratibu wao wa sala na mfuko mmoja. Basi, palikuwa na chama ndani ya jumuiya, kama vile tulivyouliza. Mbona hakikuwa ukuta? Kwa sababu kilikuwapo kwa ajili ya wengine. Wale ndugu waliwasaidia wanafunzi wapya waliokuja, nao walikuwa tayari kutumwa po pote palipopungukiwa na mchungaji.

Mambo mawili ya nyumba ile yatufaa sana. La kwanza ni sheria waliyowekeana, ya kuwa mtu asimseme ndugu asiyekuwapo; na akiisha kumsema, aende akamwambie yeye mwenyewe. Sheria ni fupi, lakini ni nani awezaye kuishika hata siku tatu? La pili lasimuliwa na wanafunzi wake. Siku za mwanzo yalikuja maombi kutoka jikoni ya kutaka watu wa kusaidia kuosha vyombo, wala hakuna aliyeinuka. Bonhoeffer akainuka mwenyewe kimya, akaenda jikoni, akaufunga mlango. Wengine walipoona haya na kumfuata, hakuwafungulia. Baadaye hakusema neno juu ya jambo lile. Twaamini ya kuwa walijifunza mengi kwa mlango ule uliofungwa.

Basi turudi kwa swali letu. Kutokana na hayo yote twaona ya kuwa chama hakijulikani kuwa kiungo au ukuta kwa jina lake, wala kwa wingi wa sala zake. Kwaya yaweza kuwa ukuta, na timu ya mpira yaweza kuwa kiungo. Twaweza kukipima kwa maswali manne, ambayo kila mwanafunzi aweza kujiuliza bila kumngoja mkuu wa shule.

La kwanza: Kile tunachokipata humu, je, kinatoka nje? Mkono huchukua chakula na kukipeleka kinywani, nao mwili wote hushiba. Chama ambacho nguvu zake zote huishia kwa wanachama wake ni kama mkono ulioficha tonge mfukoni.

La pili: Mlango wetu uko wazi kwa nani? Si lazima kila mtu aingie kila mahali. Asiyeweza kuimba hatamwimbia mtu sauti ya kwanza. Lakini ikiwa mlango hufunguliwa kwa kabila, au kwa mali, au kwa nguo, chama hicho kimekwisha kuwa ukuta hata kama hufungua mkutano kwa Zaburi. Hapa twawaonya hasa wanafunzi wa vyuo vya theologia. Kanisa letu lina dayosisi zaidi ya 20, nao wanafunzi wa Makumira hutoka pande zote. Tangu shule ya theologia ilipoanza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, na kuhamia Makumira mwaka 1954, moja ya kazi zake imekuwa kuwakutanisha watu ambao nyumbani kwao wasingekutana kamwe. Watu wa nyumbani kukutana na kuulizana habari za nyumbani si kosa. Lakini mtu akikaa miaka yake yote akila na kuzungumza na watu wa nyumbani tu, amepoteza nauli yake.

La tatu: Tukikaa sisi kwa sisi, twamsema nani? Siku hizi neno hilo limekuwa gumu zaidi, maana kundi la wanafunzi katika simu laweza kumjadili mtu usiku kucha, naye yuko kitanda cha pili amelala. Asubuhi husalimiwa na watu 30 waliokwisha kumhukumu. Chama kinachokaa pamoja kwa kumteta asiyekuwapo hakijaungana. Kimeogopana tu, kwa maana kila mmoja anajua ya kuwa akiondoka yeye atafuata.

La nne: Tukiambiwa kubadili saa, au mahali, au desturi yetu kwa ajili ya wengine, twaweza? Anayeshindwa kuiacha desturi kwa ajili ya ndugu yake amekwisha kuifanya kuwa mungu wake. Lakini tukiambiwa kunyamaza juu ya neno la kweli na la haki, hapo twaweza kukataa, kwa upole, mchana, mbele ya wote, tukiwa tayari kulipa gharama yake.

Nanyi wazazi na wazee wa kanisa, mna sehemu yenu. Mtoto arudipo likizo, twamwuliza amekuwa wa ngapi darasani, nasi twaishia hapo. Tumwulize tena: Katika bweni lenu, ni nani asiye na rafiki? Kama hajui, hilo ni jibu, tena lataka mazungumzo marefu kuliko alama za hesabu. Na ninyi walimu na wainjilisti, msiwanyoshee vidole wanafunzi huku sharika zetu ziko vilevile. Hapa Chanika na kila mahali tuna kwaya mbili na tatu katika usharika mmoja, tuna vikundi vya akina mama na vya vijana. Mwana-kwaya akifiwa, gari hukodiwa. Ajuza aishiye mwisho wa kijiji, asiyeandikwa katika kikundi cho chote, akifiwa, ni nani hukodi gari? Watoto wetu hawakuanza kujifunza haya seminari. Walikwenda nayo kutoka kwetu.

Kwa hiyo shauri letu ni dogo, nalo lawezekana mwezi huu huu. Kila chama, cha seminari na cha usharika, kichague mtu mmoja, au wawili, ambao kazi yao isiwe kuwaangalia wanachama. Kazi yao iwe kuwatafuta wale wasio na chama, kuwajua kwa majina, na kuleta habari zao mkutanoni kabla ya mambo mengine yo yote. Ndugu wa Kanisa la kwanza walichagua saba. Sisi hatushindwi kuchagua wawili. Chama kitakachofanya hivyo hakitakuwa na haja ya kuuliza tena kama ni kiungo au ni ukuta, kwa maana yule aliyepanda gari peke yake atawajibu wote.